Niliahidi laki tatu kwenye changizo la kanisa, nimeshindwa kumaliza. Je, nimemwibia Mungu?

SWALI: Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mlutheri, naishi katika mji mdogo mkoani Njombe. Mwaka jana usharika wetu ulifanya changizo la kuezeka kanisa jipya. Mgeni rasmi alikuja, na mshereheshaji akaanza kuwasimamisha watu kwa mafungu: wa milioni, wa laki tano, wa laki tatu. Mimi nikasimama kwenye laki tatu. Wakati ule viazi vilikuwa na bei na mume wangu alikuwa na kibarua cha uhakika. Msimu uliofuata bei ikaanguka na kibarua kikaisha. Mpaka leo nimetoa 80,000 tu. Mwezi uliopita, baada ya matangazo, yalisomwa majina ya wadaiwa, na langu likasomwa pamoja na kiasi kilichobaki. Nje, mzee mmoja wa kanisa akaniambia kwamba Malaki 3 inaniita mwizi. Tangu siku hiyo sijakanyaga kanisani. Mtoto wangu yuko mwaka wa pili wa kipaimara, naogopa atazuiwa. Je, nimemwibia Mungu? Nikope kwenye kikoba nimalize? Na ule mnada wa baada ya ibada, ambapo yai moja linauzwa hata elfu kumi, ni halali? Nyumbani kwa sasa tuna viazi tu.

JIBU: Mama, Bwana Yesu asifiwe sana. Hapana, hujamwibia Mungu. Usikope kikoba. Na mtoto wako aendelee na darasa lake. Nimetanguliza majibu kwa sababu najua umekaa na mzigo huu mwezi mzima, na sitaki usome maneno yangu yote ukiwa bado na hofu. Sasa tukae tulizungumze polepole.

Tuanze na ahadi yenyewe, maana sitaki uichukulie kuwa jambo jepesi. Mhubiri 5 inasema, "Ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe." Neno hilo ni zito na halijafutwa. Mtu aliyesimama mbele za Mungu na kutamka kiasi, kisha akakaa na fedha yake mfukoni akijifanya amesahau, ana jambo la kutubu. Lakini wewe hukukaa na fedha mfukoni. Fedha haikupatikana. Na Torati iliyoamuru nadhiri ziondolewe, yaani zitimizwe, ilikwisha kumfikiria mtu wa namna yako.

Fungua Walawi 27. Ni sura ambayo hatuihubiri mara nyingi, imejaa viwango na shekeli. Aliyeweka nadhiri ya kumtoa mtu kwa Bwana alipaswa kulipa kulingana na kima kilichowekwa: mwanamume wa miaka 20 hadi 60 shekeli 50, mwanamke shekeli 30, na kuendelea. Kisha unafika mstari wa 8. Kama aliyeweka nadhiri ni maskini, hawezi kile kima, ataletwa mbele ya kuhani, na kuhani atamwekea kima kipya kulingana na uwezo wake. Soma mstari huo mara mbili, mama. Mtu alikwisha kutamka, kima kilikwisha kujulikana, na bado Mungu anaagiza kiteremshwe. Anayekiteremsha ni kuhani, kwa agizo la Bwana. Kwa hiyo mwenye ahadi nzito hakutakiwa kujificha nyumbani. Alitakiwa aende kwa kuhani aseme, "Uwezo wangu ni huu." Na kuhani hakuambiwa amtangaze.

Hivyo ndivyo ninavyokushauri ufanye. Nenda kwa mchungaji wako siku ya kazi, si Jumapili wakati watu wamejaa mlangoni. Mchukue mume wako, au kiongozi wa jumuiya yenu mnayesali naye nyumba kwa nyumba. Mweleze kama ulivyonieleza mimi: bei ya viazi, kibarua, 80,000 uliyotoa. Kisha mwombe ahadi yako iandikwe upya kwa kiasi mnachokiweza, hata kama ni kusema kwamba hiyo 80,000 ndiyo mwisho. Akikuuliza umelitoa wapi wazo hilo, mfungulie Walawi 27:8. Paulo naye anakuunga mkono katika 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwapo, sadaka hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo."

Kuhusu kikoba, nimekwisha kukukataza, na sababu yake ni kongwe kuliko sisi wote. Wewe ni Mlutheri, basi acha nikukumbushe kanisa letu lilianzia kwenye kelele za nini. Oktoba 31, 1517, Martin Luther alitoa hoja 95 kule Wittenberg. Zilihusu hati za msamaha wa adhabu ya dhambi, ambazo watu waliuziwa, na sehemu ya fedha za hati hizo ilikuwa ya kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Lilikuwa changizo la jengo, mama! Katika hoja ya 46 Luther anasema Wakristo wafundishwe kwamba asiye na ziada abaki na kile ambacho nyumba yake inakihitaji, asikitapanye kwenye hati hizo. Katika hoja ya 50 anasema Papa, kama angejua jinsi wahubiri wa hati wanavyowakamua watu, angeona heri kanisa lile liteketee liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Sisi tunaojiita watoto wa Matengenezo hayo ya Kanisa tutawezaje kuezeka mabati kwa riba ya kikoba cha mama asiye na kibarua nyumbani? Mimi siwezi kulala juu ya jambo hilo, na sidhani mchungaji wako angeweza kama angelijua.

Sasa huyo mzee wa Malaki. Ni kweli Malaki 3:8 inauliza, "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?" Lakini sura hiyo inazungumzia zaka iliyoamriwa na Torati, iletwe ghalani ili kuwe na chakula nyumbani mwa Bwana. Ndicho chakula cha Walawi; Nehemia 13 inatuonyesha kilipokosekana walitawanyika kila mtu shambani kwake. Ahadi ya mabati ni sadaka ya hiari, na hiari haiwi wizi. Kisha namwomba ndugu yangu huyo apande juu mistari mitatu tu. Katika 3:5 Bwana anasema atakuja upesi kushuhudia dhidi ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Anayeshika mstari wa 8 aushike na wa 5.

Nikisema kuhusu kusoma majina, nasema kama mtu aliyewahi kulifanya kosa hilo. Nilipokuwa mchungaji kijana nilipewa karatasi na mtunza hazina, nikaisoma madhabahuni kuanzia juu hadi chini, bila kuitazama kwanza. Jina la kumi na kitu lilikuwa la fundi mmoja aliyekaa benchi la tatu. Alikuwa anadaiwa 20,000. Nilipoinua macho nikamwona anatazama mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyochimba msingi wa kanisa tulilokuwa tumekaa ndani yake, karibu mwezi mzima, bila malipo, na hakuna aliyeandika kazi ile popote. Daftari letu lilikuwa na safu ya fedha taslimu tu. Nilikwenda kwake jioni ile kuomba msamaha, akanipokea vizuri, akaniwekea chai. Lakini kwenye benchi la tatu ilimchukua muda mrefu kurudi. Baada ya hapo tuliongeza safu mbili katika daftari, ya kazi na ya vitu, na karatasi ya wadaiwa haikusomwa tena nilipokuwa pale.

Wapo watakaoniuliza, mbona Biblia yenyewe inataja majina na kiasi? Ni swali la haki. 1 Nyakati 29 inaandika dhahabu na fedha walizotoa wakuu kwa ajili ya hekalu, tena watu wakafurahi. Na Hesabu 7 inawataja wakuu kumi na wawili mmoja mmoja. Lakini itazame hiyo Hesabu 7 kwa karibu. Kila mkuu analeta sahani ya fedha ya shekeli 130 na bakuli la shekeli 70, na orodha inarudiwa neno kwa neno mara kumi na mbili, mpaka msomaji anachoka. Wote wametajwa na hakuna aliyempita mwenzake. Tena ni waliotoa ndio waliotajwa. Sijaona mahali popote katika Maandiko ambapo aliyeshindwa kutoa anaorodheshwa hekaluni na salio lake. Bwana wetu alisema, "utoapo sadaka, usipige panda mbele yako." Kama hatutakiwi kumpigia panda, yaani tarumbeta, aliyetoa, tutampigiaje aliyekosa?

Na hapa niseme jambo kuhusu wageni rasmi, kwa upendo, maana nimewahi kualikwa na nimewahi kualika. Paulo alikuwa anachangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, na angeweza kuwa mgeni rasmi wa kuvutia kuliko wote. Lakini katika 1 Wakorintho 16:2 anawaambia kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isifanyike wakati yeye atakapokuja. Hakutaka watu wapimane kwa macho mbele yake. Alitaka mtu aamue akiwa kwake, anajua kilichomo ghalani na karo inayokuja. Wewe ulisimama kwenye laki tatu kwa moyo mwema, sina shaka. Ila ulisimama wakati kwaya inaimba na watu wanapiga makofi, na mume wako hakuwa amekaa nawe kupiga hesabu. Safari nyingine amueni nyumbani, na mkifika kanisani mshereheshaji asiweze kuwasogeza hata shilingi moja.

Mnada ni habari nyingine, na mimi ni mtetezi wake. Najua baadhi ya watumishi wanausema vibaya kwa kukumbuka jinsi Yesu alivyopindua meza za wabadili fedha. Lakini wale walikuwa wanafanya biashara ya faida. Kwetu bibi analeta alichonacho, na mwenye fedha anakigeuza kuwa fedha. Niliwahi kuona siku ya mavuno bibi mmoja akileta yai moja, amelifunga kwenye pindo la kanga. Kijana wa duka akalinunua 5,000, akasema, "Arudishiwe bibi." Bibi akalirudisha mezani. Likanunuliwa tena, likarudishwa tena. Lilizunguka hivyo mara nne, kanisa zima limesimama, na mwisho bibi akaondoka na yai lake na kanisa likabaki na 20,000. Siku ile yai la bibi lilizidi bahasha nyingi. Kumbuka kwamba mama yake Yesu mwenyewe alipokwenda hekaluni alitoa ndege wawili, kama Luka 2:24 inavyosema, na hiyo katika Walawi 12 ndiyo sadaka ya asiyeweza mwana-kondoo. Mungu hakuona haya kuingia hekaluni katika familia ya sadaka ya chini.

Mnada unaharibika pale kuku wa mwenye gari anapopandishwa kwa dakika kumi na mchicha wa mjane unaharakishwa kwa sababu jua limekuwa kali. Yakobo 2 inatuonya juu ya mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri. Anayeendesha mnada aipe kila sahani muda wake. Ni hilo tu ninalowaomba.

Kwa wazee wa kanisa watakaosoma haya: someni jumla, na someni matumizi. Semeni tumepokea kiasi gani, tumenunua mabati mangapi, misumari kilo ngapi, fundi amelipwa nini. Paulo hakusafiri na fedha ya sadaka peke yake. 2 Wakorintho 8 inasema alifuatana na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu. Nimeona mara nyingi kwamba usharika unaoeleza matumizi yake vizuri haupati shida kubwa na ahadi. Kwa asiyemaliza, mtu mmoja aende kwake, anywe naye chai, amuulize hali.

Kipaimara, mama, hakilipiwi. Mtoto wako alibatizwa bure, na anaandaliwa kuithibitisha imani ile ile. Kama kuna mchango wa vitabu au wa chakula cha siku ile, huo ni mchango kama wa shule, na ukishindikana wazazi wenzako watasaidiana. Lakini ahadi yako ya mabati isiwekwe kwenye mizani pamoja na mkono wa mchungaji juu ya kichwa cha mtoto. Mchungaji wako akishikilia jambo hilo, mwombe kwa heshima mlifikishe kwa mkuu wa jimbo. Sidhani mtafika huko.

Umesema nyumbani kuna viazi tu. Viazi vinatosha. Jaza ndoo moja, chagua vya ukubwa unaolingana, visiwe na vilivyokatwa na jembe, maana ni vya Bwana. Mpelekee mwinjilisti mapema Jumapili hii, kabla ya ibada ya kwanza, avipange mezani pamoja na vya wenzako. Kisha ingia ndani, ukae mahali pako pa siku zote.