Kisoma kadi kinawaka taa, programu inasema hakuna kadi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa chai huku Mufindi. Tumenunua kisoma kadi cha USB ili kila mwanachama atambuliwe kwa kadi yake anapoleta majani kupimwa. Nikikichomeka, kompyuta inalia na taa ya kijani inawaka, ila programu yetu inang'ang'ania kwamba hakuna kadi. Fundi wa Mafinga anasema apige Windows upya. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, mwambie asubiri. Mlio na taa ni habari njema ya upande mmoja tu: kompyuta na kisoma wameelewana. Kisoma na kadi kuelewana ni jambo jingine kabisa, na Windows mpya haitalisaidia.

Upande wa kompyuta hauna mengi. Visoma vingi vya sasa hufuata utaratibu wa CCID, ambao ni kanuni moja ya visoma kadi vya USB, ndiyo maana havidai draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya pekee. Programu yenu nayo haiongei na kisoma moja kwa moja. Hupitia mfumo wa PC/SC, ambao kwenye Windows huendeshwa na huduma iitwayo Smart Card, na kuiuliza kuna visoma gani na kipi kina kadi.

Kwenye kadi ndiko kwenye kazi. Kadi haina betri. Ukiiingiza, vipande vyake vya rangi ya dhahabu hugusa pini za kisoma, kisoma kikaipa umeme wa volti 5, 3 au 1.8 pamoja na mapigo ya saa, yaani ishara za umeme za kuipangia mwendo, kisha kikaiamsha. Kadi isiyo na hitilafu hujibu papo hapo kwa mfuatano wa baiti uitwao ATR, unaoanza na 3B au 3F, ikieleza inatumia itifaki gani, yaani utaratibu gani wa mazungumzo, T=0 au T=1, na kasi inayoiweza. Baada ya hapo kadi haisemi neno mpaka iulizwe. Programu hutuma amri, yaani APDU, na kila jibu huishia na baiti mbili za hali: 90 00 ni sawa, 6A 82 ni kwamba faili lililoombwa halimo. ATR isipotoka, hayo mengine hayaanzi.

Kwa hiyo itafute ATR. Ingiza kadi, fungua cmd, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, andika certutil -scinfo kisha Enter. Ikikudai PIN, bonyeza Cancel. Usibahatishe, maana kadi nyingi hujifunga ukikosea mara chache, mara nyingi tatu.

Ukiona "No card" na kadi imo ndani, itoe uitazame. Je, ina kile kibati cha dhahabu? Kama haina, yaelekea hiyo ni kadi ya kugusisha, inayowasiliana kwa mawimbi ya redio, mara nyingi ya 13.56 MHz, na kisoma cha kuingiza kadi hakitaisoma hata mkipiga Windows mara kumi. Mimi dau langu naliweka hapo, kwa sababu madukani visoma vya aina zote mbili hufanana na muuzaji haulizi unakwenda kusoma kadi gani. Kama kibati kipo, hakikisha hukuiingiza kichwa chini, kisha kifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Mkono uliotoka kuchuma chai huacha utomvu, na utomvu ukikauka juu ya kibati huzuia umeme. Jaribu pia kadi ya mwanachama mwingine, na uchomeke kisoma kwenye kompyuta yenyewe badala ya kwenye kigawanyio cha USB.

ATR ikitokea, kadi na kisoma ni wazima. Funga programu nyingine yoyote inayotumia kadi, maana inaweza kuwa imeishikilia, kisha angalia kwenye mipangilio ya programu ya chama kama imechagua kisoma hicho hicho. Ikigoma bado, piga picha mstari wa ATR umtumie aliyewauzia programu. Huyo ndiye wa kuulizwa, fundi wa Mafinga hana kosa wala kazi hapo.