Baridi Ile Ile, Anga Haitulii: Maswali Yenu Kuhusu Mawingu

Jumatatu anga ilikuwa safi, Jumanne ikaja na mawingu kama nyuzi za pamba, Jumatano mvua ya kutwa, Alhamisi upepo na rasharasha, Ijumaa jua na baridi kali. Kuna mpangilio wowote hapo?

Upo, na katika maeneo yaliyo mbali na ikweta hujirudia msimu mzima wa baridi. Hewa ya uvuguvugu imeikuta hewa ya baridi. Kwa kuwa ya baridi ni nzito, ile nyingine hulazimika kuipanda taratibu, kama mtu anayepanda mteremko mrefu. Ncha yake ya mbele iko kilomita nyingi juu, na huko mawingu ni chembe za barafu. Ndizo nyuzi ulizoziona Jumanne. Kisha tabaka huwa nene na kushuka: jua hufanya pete, baadaye huonekana kama taa nyuma ya kioo chenye ukungu, mwisho hupotea na mvua ikaanza. Alhamisi hewa nyingine ya baridi ilijipenyeza chini kwa kasi na kuirusha juu ile ya uvuguvugu, ndiyo maana mvua ikaja kwa vipande.

Usihukumu kwa wingu moja. Nyuzi zinazopita zikatawanyika hazina habari. Zikifuatwa na utando unaozidi unene na kushuka, anua nguo.

Shuleni tulifundishwa kwamba wingu ni mvuke. Ni kweli?

Hapana, na kosa hili linafaa kusahihishwa kwa sababu linaficha jambo lenyewe. Mvuke hauonekani. Tazama birika linalochemka: mbele kidogo ya mdomo wake pana nafasi tupu, na weupe huanzia baada ya hapo. Kwenye nafasi ile tupu ndiko mvuke uliko. Weupe ni matone madogo ya maji, mvuke ukiwa umeshapoa.

Angani ni hivyo hivyo. Hewa ikipanda hukuta kanieneo (mgandamizo wa hewa) ndogo, hutanuka, na kule kutanuka hula joto lake. Hupoa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 100. Ikifika kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji, mvuke hushika chembe za vumbi, chumvi ya bahari au moshi. Tone la wingu lina upana wa karibu sehemu mbili kwa mia za milimita (0.02), na tone moja la mvua hukusanya takriban milioni ya hayo. Ndiyo maana mawingu mengi hupita bila kunyesha.

Kimo cha kitako cha wingu unaweza kukikadiria mwenyewe. Chukua joto la hewa, toa kiwango cha umande, zidisha kwa mita 125. Joto likiwa 16 na umande 10, tofauti ni 6, basi kitako kiko kama mita 750 juu yako. Pima kivulini, kwa sababu kosa la nyuzi 2 hukupotezea mita 250. Hesabu hii ni ya mawingu ya mafungu yanayoinuka mchana. Kwa tabaka lililosukumwa na upepo kutoka kwingine, haifai.

Nimejaribu kutengeneza wingu ndani ya chupa, sioni kitu. Nimekosea wapi?

Mara nyingi moshi umesahaulika. Tumia chupa laini ya plastiki ya lita 1.5. Tia vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu, tikisa, subiri nusu dakika. Washa njiti ya kiberiti, izime, ingiza ncha inayofuka mdomoni mwa chupa kwa sekunde mbili, kisha kaza kifuniko. Ibane kwa nguvu sekunde tano, halafu iachie ghafla. Weka karatasi nyeusi nyuma na mulika tochi kwa ubavuni.

Maji ya moto sana hukunja chupa na kutia ukungu kwenye kuta zake usione ndani. Kifuniko kinachovuja hakijengi kanieneo. Moshi ukizidi, unachokiona ni moshi tu. Ili kuhakikisha, bana tena: wingu la kweli hutoweka kwa sababu hewa imepata joto, na hurudi ukiachia. Moshi hubaki pale pale.

Kwa nini usiku wa mawingu huwa na nafuu ya baridi?

Ardhi hutoa joto usiku kucha. Mawingu hulinyonya na kurudisha sehemu yake chini. Anga ikiwa wazi na upepo umetulia, joto jingi zaidi huenda zake, na alfajiri ndipo unapokutana na umande au jalidi, yaani utando mwembamba wa barafu.

Siku nyingine kunakuwa na kijivu tambarare hadi saa tano asubuhi, bila tone. Kinasubiri nini?

Kinasubiri ardhi ipate joto. Juu ya tabaka hilo, liitwalo stratasi, kuna hewa yenye joto zaidi inayolifunika kama kifuniko cha sufuria, hivyo unyevu haupandi. Mwanga kidogo unaopenya hupasha ardhi, hewa ya chini hukauka, na tabaka huliwa kuanzia chini na kwenye kingo. Likiwa nene, jua la msimu wa baridi halina nguvu ya kutosha, na kijivu hukaa kutwa. Upepo ukibadili mwelekeo, huenda likaondoka kwa saa moja.