Shuka la Raju na kanzu ya babu

Mmeuliza wiki hii ni filamu gani ya miaka ya sitini ambayo nguo zinakuonyesha tabia ya mhusika. Najibu Guide, ile filamu ya Kihindi ya 1965, ila swali lenyewe nalipinga. Nguo haionyeshi tabia bwana, nguo inakubandika tabia usiyokuwa nayo.

Raju, yaani Dev Anand, katoka jela kwa kesi ya kughushi sahihi ya mwanamke anayempenda, hana mbele wala nyuma, kajilalia zake hekaluni, mtawa mmoja anapita anamfunika shuka la rangi ya machungwa. Basi. Wanakijiji kuona shuka wakaona mtakatifu, mpaka jamaa akajikuta anafunga siku 12 ili mvua inyeshe!

Mimi yalinikuta Tanga, nina miaka 19. Nimefika kwenye hitima nimelowa chapachapa, jinzi inachuruzika maji, shangazi akanivuta chumbani akanivalisha kanzu ya marehemu babu, ile yenye darizi shingoni, inanukia udi wa sandukuni, na koti juu, na kofia ya viua. Natokea tu barazani wazee wakasogea wakanipa nafasi, na wakati wa kumaliza mzee mmoja asiyenijua akasema, "Ustadhi, tufungie kwa dua." Mimi! Niliyetoroka madrasa hata juzuu amma sijamaliza. Nikaanza na Fatiha, nikaunga na vile vipande ninavyosikiaga Ijumaa, sauti nikaishusha kama imamu wetu, nikairefusha kweli, watu "amin, amin", jasho linanitoka mgongoni. Sinia la pilau likaanzia kwangu. Wakati wa kuondoka nikapewa na bahasha.

Nikaipokea.

Sasa hapo ndo naandika huku najishtukia, maana kama kanzu ndo ilinipa tabia, mbona ustadhi wa kweli angeirudisha ile bahasha? Raju naye alianza kula vya wanakijiji siku nyingi kabla ya huo mfungo, na mkono uliopokea ni uleule ulioghushi. Na Rosie wake, Waheeda Rehman, mume alimkataza kucheza ngoma, akaenda sokoni akanunua njuga akazivaa mwenyewe, hakuna aliyemvisha, na yule anaonekana wazi ni nani toka dakika hiyo. Kwa hiyo andikeni kwamba nimekubaliana na nyie, ila nusu, na kwa sharti mtu awe amejivalisha mwenyewe.

Kanzu nilirudisha kesho yake imepigwa pasi. Bahasha shangazi hajaijua mpaka leo.