Maswali ya wasomaji: TYCS ya majina 140 na wahudhuriaji 15

*Tumsifu Yesu Kristo. Nimepewa ulezi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, katika sekondari ya bweni ya Kanisa. Daftari lina majina 140, lakini siku ya mkutano wanakuja 15, na mimi ndiye ninayeongea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nianzie wapi?* (Mwalimu, Iringa)

Milele, Amina. Anza na hao 15, hao 125 waache kwanza. Wagawe makundi mawili, la saba na la wanane, kila moja na kiongozi wake na mahali pake. Katika kundi la watu 30 husema watatu tu. Katika kundi la wanane, aliyenyamaza anaonekana mara moja na anaulizwa. Baada ya muhula mmoja kila kundi litakuwa na wawili watatu wanaoweza kuongoza, na hao ndio watakaofungua makundi mapya. Ukiunda makundi 14 kwa siku moja, 12 yatakuwa yamekufa kabla ya likizo kwa kukosa wa kuyaongoza.

Mkutano uwe wa saa moja, kwa hatua za Ona, Amua, Tenda. Ni njia ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanza na vijana wa viwandani, na Papa Yohane XXIII aliipendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961. Dakika 10 za kwanza ni za sala na taarifa ya kazi ya wiki iliyopita. Ona ipewe dakika 15, Amua 20, Tenda 15.

Chukua jambo la kweli, tuseme Kidato cha Kwanza wanakosa maji ya kuoga asubuhi. Kuona si kulalamika. Wawili waende bombani saa 11 alfajiri, wahesabu waliopanga foleni, waliopata na waliokosa, wakague na mabomba yenyewe. Huenda mawili kati ya matano yamekufa kwa kukosa washa (kile kipira cha ndani ya bomba), na hakuna anayesimamia foleni. Katika Amua somwe Mathayo 25:35, "nalikuwa na kiu, mkaninywesha", kisha wajiulize: sisi wa madarasa ya juu tumechangia nini katika hili? Tenda iishie kwenye majina: nani anamfuata mtunza stoo kuomba washa, nani anasimama bombani Jumatatu, taarifa inaletwa lini.

Makundi mengi huharibikia Amua, kwa sababu mlezi huigeuza mahubiri. Keti nje ya duara, na neno lako liwe swali. Tenda nayo huharibika ikiishia "tuwaombee" au "uongozi ufanye". Sala ni ya lazima, ila kila kikao kizae na kazi ambayo mikono ya wanafunzi inaiweza ndani ya siku saba.

Viongozi watoke Kidato cha Tatu. Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa mwezi wa 11, na chama walichokishika wao hufungwa mwezi wa 8. Makabidhiano yafanyike mwezi wa 6, na daftari la kumbukumbu na la fedha yakabidhiwe mbele ya watu.

*Tunataka kwenda kuwahudumia wazee katika makazi yanayoendeshwa na masista. Tubebe nini, na twende wangapi?* (Katibu wa chama, Kidato cha Tatu, Moshi)

Kwanza ulizeni. Wiki mbili kabla, mlezi azungumze na sista msimamizi: wazee wako wangapi, wangapi hawatoki kitandani, wanakula na kuoga saa ngapi, na nini kimeisha stoo. Mara nyingi jibu ni sabuni ya mche, unga, mafuta ya kujipaka au nepi za watu wazima. Vikundi vingi hupeleka biskuti na soda. Wazee wengi wana kisukari na wengine hawana meno, kwa hiyo zawadi hiyo hurudi kabatini au humletea mtu madhara.

Kwa makazi ya wazee 40, wanafunzi 20 na walimu wawili wanatosha. Mkienda 60, wazee watajificha vyumbani. Barua ya mkuu wa shule na ruhusa za wazazi ziwe tayari siku tatu kabla. Mwenye kikohozi au mafua abaki shuleni. Fikeni saa 3 asubuhi, muondoke kabla ya chakula cha mchana.

Gaweni kazi kabla ya kupanda gari: wanane wa kufua, wanne wa kudeki, wanane wa kukaa na wazee wawili wawili. Bebeni ndoo, brashi na glavu zenu. Shuka zenye damu au choo zisuuzwe kwanza kwa maji baridi, kwa maana maji ya moto hulikaza doa kwenye uzi. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake huumiza mapafu, na humo ndani kuna watu wenye pumu.

Simu zibaki kwa mwalimu. Mzee aliyelala kitandani si wa kupigwa picha kwa ajili ya ubao wa matangazo. Anayezungumza naye aketi, macho yawe usawa mmoja, amwamkie "shikamoo" na aulize jina. Mrudi kwa wazee walewale kila mwezi. Ziara moja ya Kwaresima isiyo na ya pili huwaumiza.

*Tuna wavu wa voliboli ila uwanja wetu hupinda kila tunapouchora.* (Kiranja wa michezo, Songea)

Tumieni futikamba mbili. Pimeni upande mrefu mita 18. Toka kona ya kwanza vuteni mita 9, toka kona ya pili vuteni mita 20.12 kwa mshazari. Zinapokutana ndipo kona ya tatu. Rudieni upande wa pili. Nguzo zisimame nje ya mstari kati ya nusu mita na mita moja. Zichimbiwe sentimita 80 na udongo ushindiliwe kila sentimita 20, la sivyo mvuto wa wavu utaziinamisha ndani. Wavu upimwe katikati: mita 2.43 kwa wavulana, 2.24 kwa wasichana. Msichore kwa chokaa, maana ikichanganyika na jasho huunguza ngozi, na machoni ni hatari kubwa. Majivu yaliyochekechwa yanatosha, au kamba iliyopigiliwa vigingi vilivyozama ardhini.

*Mimi ni Mwislamu katika shule ya Kanisa. Je, nalazimika kujiunga na TYCS?* (Kidato cha Pili, Tabora)

Hapana, mwanangu. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wako wa dini, na chama cha sala hujazwa na wanaopenda wenyewe. Kazi za huduma na michezo ziko wazi kwako: mwone mlezi, umwambie unataka kufua na kuwatembelea wazee ila kipindi cha sala utakaa nje. Mlezi mwema atakupa ndoo siku hiyohiyo.