Juisi ya nanasi kabla ya MRI ya mirija ya nyongo: ndiyo, inasaidia

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini mama ameambiwa aende na juisi ya nanasi kwenye kipimo cha MRCP, na kama maana yake hospitali imeishiwa dawa. Mimi napiga picha za MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali) na juisi hiyo nawanywesha wagonjwa kwa mkono wangu. Ondoa wasiwasi, mmeelekezwa vizuri.

MRCP ni MRI inayoonyesha majimaji yaliyotulia kwa weupe mkali, huku nyama zinazoyazunguka zikififia. Nyongo ni majimaji, basi mirija inang'aa na jiwe linaonekana doa jeusi ndani yake. Shida ni kwamba tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba navyo vina maji, hata kwa mtu aliyefunga, na vimepakana kabisa na mirija hiyo. Weupe wao ukiufunika mwisho wa mrija, pale unapomwaga nyongo kwenye utumbo, daktari anakosa kuona sehemu ambayo mawe hukwama mara nyingi. Picha za namna hiyo zinaniumiza sana, kwa sababu mgonjwa ameshalipa.

Nanasi lina manganizi, madini yanayovutwa na sumaku. Yakiwa ndani ya maji, hufanya ishara yake izimike haraka, na maji ya tumboni yanageuka meusi kwenye picha. Mwaka 2004 jarida la British Journal of Radiology lilitoa utafiti: kwenye vipimo vya maabara, juisi ilipunguza weupe karibu sawa na dawa ya kiwandani ya kazi hiyo hiyo, yenye chembe za chuma, na kwa watu 10 wenye afya walioinywa, picha zilionekana vizuri zaidi. Juisi waliyoipima ilikuwa na miligramu 2.76 za manganizi kwa kila mililita 100.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Vinywaji vya "ladha ya nanasi" ni maji na sukari, havifanyi kazi hiyo. Nunua juisi halisi isiyoongezwa maji. Na asiinywe nyumbani wala njiani! Anatakiwa afike amefunga, apewe pale pale, kama dakika 15 hadi 30 kabla ya picha. Akichelewa kuingia, juisi inashuka na tumbo linajaa maji mengine.

Kama mama ana kisukari au nanasi humletea mzio, mpigie simu mtoa miadi leo, wampangie njia nyingine.