Mashine ya kuoshea vyombo haitoi sabuni: anza hapa kabla ya kuagiza kisanduku kipya

Mzunguko umekwisha, vyombo vimetoka vya moto, lakini sahani zina utando wa mafuta na glasi zinanuka samaki. Ukitazama mlangoni, kidonge cha sabuni kimekaa palepale kilipowekwa. Hapa Zanzibar, kwenye nyumba za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi, na kwenye fleti mpya za Fumba, tatizo hili ni la kawaida, na jibu linalotolewa upesi ni kwamba kisanduku cha sabuni kimekufa, kiagizwe kingine. Kinaagizwa Dar es Salaam au Dubai, mashine inakaa bure kukingoja, kikifika kinafungwa, na kidonge kinabaki palepale. Kisanduku cha zamani hakikuwa na kosa. Mara nyingi kosa liko kwenye upangaji wa vyombo, kwenye unyevu, au kwenye maji yanayoingia.

Kwa hiyo kitazame kwanza kifuniko mzunguko unapokwisha. Kama kimefunguka na sabuni imebaki ndani, nzima au imekuwa uji, basi kifyatuo, yaani kile kifaa cha umeme kinachokifungua kifuniko, kimefanya kazi yake; kilichokosekana ni maji ya kuipiga na kuiyeyusha. Kama kifuniko bado kimefungwa na sabuni ni kavu, ama kimezuiwa, ama kimenata, ama hakikupata umeme wa kukifyatua. Hayo ni maradhi mawili na kila moja lina dawa yake. Hakikisha pia kuwa programu uliyochagua ni ya kuosha. Ile ya kusuuza tu haifungui kisanduku, imeundwa hivyo.

Baadaye endesha mashine tupu, bila hata kijiko, kwa programu ya kawaida na sabuni yake. Kikifunguka bila vyombo, mashine ni nzima na tatizo ni la upangaji. Hapa kwetu mkosaji mkubwa ni sinia. Sinia la pilau likisimamishwa mbele ya rafu ya chini, ukingo wake unaukaribia mlango, na kifuniko kinachoanguka au kuteleza hakipati nafasi. Hata kikifunguka, sinia linasimama kati ya sabuni na maji yanayorushwa kutoka chini. Ubao wa kukatia, kifuniko cha sufuria na sahani pana hufanya vivyo hivyo. Sinia liweke nyuma au ubavuni, kisha uufunge mlango taratibu huku ukichungulia. Kati ya kisanduku na chombo cha kwanza paingie vidole vinne. Halafu uzungushe mikono ya kurushia maji kwa kidole kabla ya kuwasha. Ukigonga mpini wa mwiko, panga upya.

Kama hata ikiwa tupu kifuniko hakifunguki, angalia unyevu. Sabuni ya unga ya mashine ina magadi kwa wingi, na magadi huvuta unyevu na kushikana. Msimu wa masika, pakiti iliyoachwa wazi chini ya sinki huwa jiwe. Kosa linalojirudia kwenye nyumba za wageni ni mtu wa usiku kuweka sabuni kisanduku kikiwa bado kimelowa, ili wa asubuhi abonyeze tu. Saa zile za katikati zinatosha kuifanya sabuni igande, na ikigandia kwenye mpira wa kifuniko inaufanya kama gundi. Springi inayosukuma kifuniko ni ndogo, haina nguvu ya kuvunja gundi hiyo. Kifute kisanduku kwa kitambaa kikavu, weka sabuni dakika ileile unayowasha, na kidonge kishikwe kwa mkono mkavu, kwani ile ngozi yake nyembamba huyeyuka kwa maji na ikinata ukutani mwa kisanduku haibanduki. Kidonge kilale bapa. Kikilazimishwa kwa kusimama, kifuniko kitafunga kwa shida na kitafunguka kwa shida.

Kipimo nacho kina maana. Kwa mashine iliyojaa vyombo vichafu, gramu 20 hadi 25 za unga zinatosha. Kwa vyombo vichache, gramu 15. Ukijaza mpaka juu, unga unaingia kwenye ukingo wa mpira na kwenye kikomeo kinachoshika kifuniko. Na sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isiingie humo kabisa. Povu lake huifanya pampu izunguke na hewa badala ya maji, na likizidi hutoka chini ya mlango.

Kusafisha ni kazi ndogo: maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, na subira. Piga mswaki ukingo wa mpira, kikomeo, na njia kinamoteleza kifuniko, kisha fungua na funga kwa kidole mara kadhaa. Kifuniko kizima huruka chenyewe ukibonyeza kikomeo. Kinachofunguka nusu bado kina uchafu au springi imelegea. Usichokonoe kwa kisu, ukikata mpira utaagiza kweli. Usipake mafuta ya kupikia wala mafuta ya mashine, maana hukusanya unga na mengine huharibu mpira.

Chokaa ni ndugu wa tatizo hili. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanayopita humo hutoka yakiwa mazito kwa chokaa. Karibu na pwani huwa na chumvichumvi pia. Ukiona ukoko mweupe ndani ya mashine, tia gramu 50 hadi 100 za asidi ya sitriki sakafuni mwa mashine tupu na uiendeshe kwa programu ya moto. Isikutane na jiki hata kidogo, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Na tangi la chumvi la mashine lipewe chumvi yake maalumu. Chumvi ya bahari inayovunwa Pemba ni nzuri jikoni, lakini ina tope, na pia magnesi na kalisi, vitu vilevile ambavyo kilainisha maji kimewekwa kuviondoa.

Sasa twende kwenye hali ya pili, kifuniko kimefunguka na sabuni imebaki. Hapa tazama maji, na uanzie juu ya dari. Nyumba nyingi zinapata maji kutoka tangi la juu, na kila mita moja ya kimo hutoa presha ya takriban 0.1 bar. Tangi lililo mita 3 juu ya mfereji linatoa 0.3 bar tu, na mashine nyingi zinataka 0.3 au 0.5 kwa uchache. Kiwango cha mashine yako kimeandikwa kwenye kitabu chake. Pima kwa ndoo: fungua mfereji wa mashine mpaka mwisho, na ndoo ya lita 10 ijae ndani ya dakika moja. Ikichukua dakika mbili, mashine inakufa kiu. Nyingine zitatoa alama ya kosa, nyingine zitaendelea na maji pungufu, na mikono itazunguka kivivu bila kufika kisandukuni. Kabla ya kununua pampu ya kuongeza presha, fungua mpira wa kuingizia maji uchunguze kile kichujio kidogo cha wavu pale unapoungana na mashine. Mara nyingi kimejaa mchanga na vipande vya chokaa.

Kisha mikono yenyewe. Itoe, uiinue kwenye mwanga, uchungulie tundu moja moja. Utakuta punje ya wali imesimama wima ndani ya tundu kama kizibo, ganda la hiliki, kichwa cha karafuu, mwiba wa changu. Vitoe kwa kijiti cha meno, si kwa msumari, kwani tundu likipanuka mkono hupoteza mzunguko. Tikisa mkono: ukisikia kitu kinacheza ndani, upitishe chini ya mfereji mpaka kitoke. Chujio la sakafuni lisafishwe siku hiyohiyo, na sahani za urojo zikwanguliwe kabla hazijaingia, kwa sababu unga wake hufunga chujio haraka.

Kama vyombo havizuii, kisanduku ni safi na kifuniko bado hakifunguki, ndipo tuzungumze umeme. Vifyatuo viko vya aina mbili. Solenoidi ni koili inayovuta kipini mara moja, na utasikia "tak". Mota ya nta ina nta inayopashwa moto hadi ivimbe na kusukuma kipini. Huchukua dakika moja hadi tatu na ni kimya. Ukikaa karibu na mashine tupu na kusikia mlio lakini kifuniko kisifunguke, kosa ni la kikomeo au springi, si la umeme.

Volti ndogo inasahaulika sana. Nguvu ya koili hushuka kwa mraba wa volti: soketi ikishuka kutoka 230 hadi 180 wakati wa jioni, solenoidi inabaki na takriban asilimia 60 ya nguvu yake, na hita ya wati 2,000 inabaki na kama 1,200. Kifuniko kilichonata kidogo, ambacho asubuhi kingefunguka, jioni hakifunguki. Mashine inayofanya kazi mchana na kugoma usiku ipimiwe volti kwanza, na stabilaiza inayobeba mzigo wa mashine nzima ni ununuzi wa busara kuliko kisanduku. Mashine iliyokuja kwenye kontena kutoka Marekani ni ya volti 120, hiyo isichomekwe hapa kabisa.

Kufungua ubao wa nje wa mlango ni kazi ya fundi au mtu mwenye mkono wa ufundi. Chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Skrubu ziko ukingoni kwa ndani, nyingi ni za nyota, saizi T15 au T20. Unapotoa za mwisho shika ubao wa nje, usije ukaanguka na kuvuta waya, na jihadhari: mlango ukipungua uzito, springi zake hutaka kuurusha juu. Piga picha ya waya kabla ya kuchomoa chochote. Pima kifyatuo kwa mita ya umeme upande wa omu, yaani wa ukinzani. Namba yoyote kati ya mamia na maelfu machache ni ya kawaida; mita ikionyesha njia imekatika, kifyatuo kimekufa, na ikionyesha sifuri, kimeungua.

Kifyatuo kikiwa kizima, usikimbilie bodi ya umeme inayoongoza mashine. Fuata waya hadi kwenye bawaba. Hapo hupinda kila mlango unapofunguliwa, na hukatika ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Weka mita kwenye ncha mbili za waya, kisha mwenzio aufungue na kuufunga mlango. Usomaji ukirukaruka, umeipata. Kata sehemu mbovu, unga kwa kiunganishi cha kubana, na uache waya uwe na ulegevu. Angalia pia vichwa vya waya vilivyoota kutu ya kijani kwa hewa ya bahari, kwani kusafisha hivyo peke yake hurudisha mashine nyingi kazini. Bodi iwe ya mwisho, na ipimwe na fundi wa umeme, kwa sababu lazima ipimwe ikiwa na umeme.

Ikithibitika kuwa kisanduku ndicho kibovu, agiza kwa namba ya modeli iliyo kwenye ukingo wa mlango, usiagize kwa picha. Visanduku hufanana sura na kutofautiana plagi. Wakati wa kukifunga, futa mahali pa mpira pakauke, bana pande zote sawasawa, kisha kabla ya kurudisha ubao wa nje mwagia maji ya kikombe juu ya kisanduku kwa ndani, plagi ikiwa bado nje, uone kama nyuma kunalowa. Maji yakipita hapo huingia kwenye waya za mlango.

Wakati unangoja kifaa, mashine itumike. Chagua programu isiyo na kuosha kwa awali, na weka kidonge sakafuni mwa mashine, mbali na tundu la chujio. Kwenye programu yenye kuosha kwa awali, sabuni hiyo itamwagwa pamoja na maji ya kwanza.