Insulini ya kumeza: usiache sindano

Mkuu, usinunue hivyo vidonge unavyoambiwa ni insulini. Umeuliza kama insulini ya kumeza imeshatoka, kwa kuwa mapaja yako yameota vinundu kwa kuchomwa. Una kisukari aina ya kwanza, na kuna mtu amekushauri uache sindano kwanza "mwili uzoee dawa". Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Mdogo wangu aliambiwa maneno hayohayo. Muuzaji alimpa kikopo cha vidonge, akamhakikishia kwamba kiu kali na kukojoa usiku kucha ni sumu inatoka mwilini. Sumu gani! Ni sukari iliyofurika kwenye damu, figo zinaitoa na maji ya mwili yanaifuata. Dogo akaanza kutapika, tumbo likawa linamkata, nyumbani wakadhani amekula kitu kibaya. Kilichonishtua mimi ni pumzi. Alikuwa amelala tu, lakini anavuta hewa ndefu, haraka haraka, na mdomoni inatoka harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hospitali wakakuta ketoni (asidi ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) zimejaa na damu imegeuka asidi. Walimtundikia dripu, na dawa iliyomrudisha ni insulini ileile aliyoambiwa aiache, safari hii kupitia mshipa. Nilipompigia yule muuzaji, akajibu kwamba mgonjwa hakumaliza dozi. Mtu anakaribia kuzika kijana wa watu, halafu anazungumzia dozi!

Insulini ni protini. Ukiimeza, asidi ya tumbo na vimeng'enya vinaivunjavunja, na kile kidogo kinachosalimika hupenya kwa shida kwenye ukuta wa utumbo. Tangu kijana mgonjwa wa kisukari, Leonard Thompson, achomwe insulini ya kwanza kule Toronto, Kanada, mwaka 1922, watafiti wanakitafuta hicho kidonge. Cha kampuni ya dawa ya Novo Nordisk kilishusha sukari kwenye majaribio, ila kilihitaji insulini nyingi mno, wakakiweka kando. Cha kampuni ya Oramed kilifeli jaribio kubwa, matokeo yakatoka Januari 2023. Sasa huyo anayekuuzia wewe amekipata wapi?

Metformini ni kidonge halali cha kisukari, na Rybelsus (semaglutide ya kumeza) pia, lakini hakuna hata kimoja kati yake kilicho insulini. Kongosho lako halitengenezi insulini ya kukutosha, kwa hiyo hakuna cha kukushikia nafasi ukiacha kuchoma. Sindano haiachwi mpaka daktari anayekutibu, mwenye vipimo vyako mkononi, akubadilishie yeye mwenyewe. Si mimi, si muuzaji, si shuhuda za waliopona.

Kama umeshaanza kuruka dozi, pima sukari sasa hivi na umpigie daktari wako leo. Usijiongezee kwa kukisia. Ukitapika, tumbo likiuma au pumzi ikibadilika, usisubiri kupigiwa simu. Nenda hospitali na hicho kikopo, waone ulichokuwa unameza.